JUU YA NINI BOTI INATETEMEKA?



Kila mtu aliyesafiri na boti toka Kalundu kwenda Baraka ao Kalemie anajua jambo hili. Mashini inaanza pole pole, yote sawa. Ikiongezewa nguvu, mbao zinatetemeka na vikombe vinalia. Ikiongezewa tena, wakati mwingine inatulia. Watu wanasema: mashini imezeeka. Tuchunguze kwanza.

Sababu ya kwanza ni uzito usio sawa. Tuseme helisi imegonga jiwe, imepoteza kipande cha gramu 100 kilichokuwa sentimetre 10 toka katikati. Ikizunguka mara 1000 kwa dakika, chuma kirefu kinachoizungusha, ndio mhimili, kinavutwa pembeni kama kwa uzito wa kilo 11. Na mara 2000? Si kilo 22, ni karibu kilo 45! Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne.

Sababu ya pili: kila mhimili una mtetemeko wake wa asili, kama uzi wa gitaa. Mzunguko ukilingana nao, mhimili unapindika kama upinde. Huu ndio mwendo wa hatari. Mwaka 1869 mtaalamu Rankine aliandika kwamba hakuna mashini itakayoupita. Lakini de Laval wa Uswidi alitumia mhimili mwembamba, akaupita salama. Mwaka 1919 Jeffcott alieleza sababu yake: kiisha kupita, upande mzito unageukia ndani, na mhimili unatulia. Ni sheria ile ile kwa boti yetu na kwa mitambo mikubwa ya umeme ya Ruzizi.

Fundi anachunguza namna gani? Anahesabu. Mzunguko wa mara 1500 kwa dakika ni mara 25 kwa sekonde.
1. Mtetemeko ukiwa 25 kwa sekonde, afikiri kwanza uzito usio sawa.
2. Ukiwa 50, mara nyingi mhimili na mashini havikunyooka pamoja.
3. Ukiwa 75, na helisi ina mapanga matatu, atazame namna mapanga yanavyopiga maji.

Kiisha anachora: chini mwendo wa mashini, pembeni mitetemeko. Pale mistari inapokutana ni mahali pa kuogopa. Mchoro huu una jina la Campbell, tangu 1924. Hata sisi tunaweza kuuchora katika daftari.

Jambo hili si mchezo. Katika boti nyingi mhimili unapita katika tundu la chini. Mtetemeko unakula kizibo chake, maji yanaingia, na watu wako katikati ya ziwa usiku.

Basi, mwenzangu, kukaza nati tu haitoshi. Ukisikia boti inatetemeka, mwambie nahodha apunguze mwendo, asikae katika mwendo ule. Na mkifika, helisi itazamwe mbele ya safari ingine.