Butembo: kiangazi, vumbi na mlima vinapima magari ya njia ya Kasindi

Mwezi wa sita ukiingia, matope ya Vulamba yanageuka vumbi. Komini hii ya muji wa Butembo, kama zile tatu zingine, ina barabara nyingi za udongo, na lori moja likipita asubuhi, magari yanayolifuata yanawasha taa kana kwamba ni usiku. Wenye maduka wanamwaga maji mbele ya milango. Wenye magari, nao, wangepaswa kwenda garaji, lakini wengi wanangoja mpaka gari liwazimikie njiani.

Butembo iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hakuna joto kali la majira kama lile la Ulaya. Kinachoitwa kiangazi hapa ni majuma machache ya mwezi wa sita na wa saba, tena kuanzia Desemba mpaka Februari, wakati mvua inapungua. Muji wenyewe unabaki wa baridi kwa kuwa uko mlimani, kwenye mita karibu 1 700. Tatizo linaanza dereva anaposhuka Beni, kisha kilomita 80 hivi za kwenda Kasindi, ambako barabara inapita katika bonde la Semuliki na mbuga ya Virunga. Huko chini jua linachoma. Na gari lililoshuka tupu linarudi limebeba mizigo ya mpakani, likipanda mlima ule ule.

Ni katika kupanda ndipo radiateri inaonyesha hali yake. Kwenye urefu wa Butembo, maji ya wazi yanachemka yakifika digrii 94 hivi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya moteri ni mfuniko wa radiateri: unafunga shinikizo ndani, na maji yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukichakaa, shinikizo linatoka na maji yanaanza kupotea kidogo kidogo bila tone kuonekana chini ya gari. Watu wengi wanabadilisha tiyo, wanaunganisha radiateri kwa moto, wanalipa fundi mara mbili, kumbe kitu kilichoharibika ni kile kidogo kuliko vyote.

Maji ya mto si dawa. Yana udongo na chumvi zinazoganda ndani ya mirija ya radiateri, na baada ya miezi moteri inapata joto hata barabara ikiwa tambarare. Mtu akilazimika kuyatumia ili afike, ayatoe mara anapofika nyumbani na kuweka maji ya radiateri yenye dawa. Mshale wa joto ukipanda, ni kusimama, kuzima moteri na kungoja nusu saa au zaidi. Kila kiangazi kuna wanaofungua mfuniko moteri ikiwa bado moto, na maji yanawarukia usoni.

Vumbi linafanya kazi yake polepole. Filtri ya hewa ikijaa, moteri inakosa pumzi: gari linakunywa esansi zaidi, moshi unakuwa mweusi, nguvu inapungua mlimani. Kuipigapiga ukutani kunatoa vumbi la juu tu, na filtri ya karatasi iliyotoboka ni mbaya kuliko ile chafu, kwani mchanga unaingia moja kwa moja ndani ya moteri. Anayezunguka Vulamba kila siku akiwa na taksi hawezi kufuata kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari lililotengenezewa lami ya Japani. Afungue kila juma, aangalie kwa macho.

Esansi ya bidoni, inayouzwa na wale wa kando ya barabara ambao wengi wanawaita Kadafi, inaweza kuwa na maji na uchafu. Kitambaa kinachuja uchafu, maji yanapita. Bidoni likikaa bila kutikiswa, maji yanashuka chini, na yule mwenye haraka ya kumimina mpaka tone la mwisho ndiye anayeyanunua.

Freni ni habari ya kushuka. Mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewa. Baada ya miaka miwili hivi yanachemka mapema, na pedali inazama chini ya mguu katikati ya mteremko. Kuyabadilisha ni kazi ndogo. Dereva mzoefu wa lori anashuka na vitesi ndogo ili moteri yenyewe ishikilie uzito, wala hakanyagi freni kutoka juu mpaka chini.

Mipira ya okazyo inauzwa kila mahali, mingine ikiwa na meno mazuri kabisa. Meno hayasemi umri. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2314, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa namna hiyo unaweza kupasuka kwenye joto la Semuliki hata ukionekana mpya. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, mpira ukiwa baridi.

Halafu kuna usukani. Magari mengi ya Beni na Butembo yana usukani wa kuume, na Kongo inaendesha upande wa kuume. Dereva wa gari hilo hawezi kuona mbele ya lori bila kutoa nusu ya gari katikati ya barabara, na ndani ya vumbi hata hivyo haoni kitu. Kubaki nyuma mpaka vumbi litue kunapoteza dakika chache.

Mradi wa lami wa Kasindi–Beni na Beni–Butembo ulizinduliwa mwezi wa sita 2021 na marais Tshisekedi na Museveni. Lakini katika eneo hili gari bovu halihesabiwi kwa pesa ya fundi peke yake. Magari yameshambuliwa kwenye barabara ya Kasindi, na kwenye njia ya Komanda–Luna, upande wa Ituri, yamekuwa yakisafiri katika msafara unaosindikizwa na wanajeshi. Msafara haungoji radiateri ipoe. Ndiyo maana wasafiri wengine wa Butembo, kabla ya kulipa nafasi, wanainama kwanza kutazama mipira, wanamwomba shofa afungue moteri, na wakiona mafuta yanadondoka wanachukua mizigo yao na kutafuta gari lingine.