Weusi wa Baina ya Vigae

Ndugu zangu, kabla hamjamwita fundi kung'oa vigae vya jikoni, hebu vitazameni vizuri. Aghlabu kigae ni kizima. Kilichogeuka rangi ni ile saruji iliyojaziwa baina yake. Saruji hiyo ina vitundu vidogo mno, hunywa mafuta na sabuni.

Mimi huanza na soda ya unga, hiyo tunayotia kwenye keki, nikaikoroga na maji hata ikawa uji mzito. Huipaka, nikaiacha robo saa, kisha nikasugua kwa mswaki mkuukuu na kusuuza. Siki siitaki: ni asidi, nayo huila saruji. Na dawa ya klorini msiichanganye asilani na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Hutoka hewa ya sumu, na katika vyoo vyetu vya huku Maskati, ambavyo vingine havina hata dirisha, haina pa kutokea.

Weusi ukikataa, madukani ipo rangi maalumu ya kazi hii. Ngojeni pakauke kutwa kucha, mpake kwa brashi nyembamba, na iliyomwagikia kigae ifuteni upesi kabla haijashika. Chagueni kijivu. Nyeupe ya jikoni ni kazi ya kila Ijumaa.