Tahadhari kwa Wasafiri wa Pwani: Konokono Mwenye Sumu Kali

Likizo inapofika, familia nyingi za Mbotela husafiri kwenda Mombasa, Malindi na Diani. Watoto wakifika ufukweni hupenda kuokota makombe. Wazazi wanapaswa kufahamu kuwa lipo kombe moja zuri linaloweza kuua.

Ni la konokono wa baharini aitwaye kitaalamu Conus geographus. Kombe lake lina umbo la pia, madoa ya kahawia na meupe, na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Huishi kwenye miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mchana hujificha mchangani au chini ya mawe, na usiku huwinda samaki. Hutoa mrija mrefu wenye jino lililo wazi ndani, lenye ncha kama chusa, na kupitia jino hilo huingiza sumu inayopoozesha samaki papo hapo.

Mtu huchomwa anapomshika au kumtia mfukoni. Kushika sehemu pana ya kombe si kinga, kwani mrija huo hujipinda na kufika nyuma.

Maumivu yanaweza kuwa madogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Baadaye huja ganzi, macho kuona mawili mawili, misuli kulegea, na hatimaye kushindwa kupumua. Hakuna dawa ya kuvunja sumu hii. Mgonjwa huokolewa kwa kusaidiwa kupumua hospitalini hadi sumu iishe mwilini.

Mtu akichomwa:
- Atulie, asitembee.
- Funga kiungo chote kwa bendeji ya kubana, bila kuzuia damu, kisha kitegemeze kwa ubao.
- Usikate jeraha wala kunyonya sumu.
- Piga simu 999 au 112, na mfikishe hospitali mara moja.
- Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni hadi msaada ufike.

Sumu ya konokono wa jamii hii imeleta faida pia. Kutokana na Conus magus, wanasayansi walitengeneza dawa ya maumivu makali, zikonotaidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Kombe tupu lililokauka halina sumu, lakini lililo majini linaweza kuwa na mwenyewe ndani. Aidha, kuokota makombe katika hifadhi za baharini kama Malindi, Watamu na Kisite ni marufuku. Wafundisheni watoto mapema: kombe la baharini hutazamwa, haliguswi.