Mahali Zinapozalishwa Protini Zinazozuia Vimeng'enya Katika Njia za Hewa za Binadamu

Chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili huingia katika njia za hewa ili kuangamiza vimelea. Mojawapo ya silaha zake ni elastasi, kimeng'enya kinachovunja protini. Kikivuja nje ya seli, kimeng'enya hiki huweza kuvunja hata elastini, yaani nyuzi zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kunywea. Kwa sababu hiyo, mwili huzalisha protini za kukizuia. Makala haya yanaeleza tatu kati ya hizo na kuonesha kuwa mahali zinapozalishwa huathiri eneo zinalolinda na namna ulinzi huo unavyoweza kushindwa.

Ya kwanza ni alfa-1 antitripsini. Ingawa kazi yake kubwa huifanya mapafuni, sehemu kubwa yake hutengenezwa katika ini, kisha husafirishwa na damu na kupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za mapafu zenyewe huongeza kiasi kidogo tu.

Ya pili, antilukoprotinasi, huzalishwa papo hapo. Katika trakea na bronki hutoka hasa kwenye tezi zilizo chini ya utando, katika seli zinazotoa ute mwepesi. Katika bronkioli, ambako tezi hizo hazipo, hutolewa na seli za utando zisizo na silia. Ya tatu, elafini, hutolewa na seli hizo za bronkioli pamoja na seli za aina ya pili za vifuko vya hewa, na uzalishaji wake huongezeka wakati wa inflamesheni.

Umuhimu wa tofauti hii ulidhihirika mwaka 1963, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walipobainisha nchini Sweden upungufu wa alfa-1 antitripsini. Katika aina kali iliyo ya kawaida zaidi, badiliko la asidi amino moja huifanya protini ijikunje vibaya na kukwama ndani ya ini. Hivyo ini huweza kupata makovu, huku vifuko vya hewa vikibaki bila mlinzi wake mkuu na mgonjwa akikabiliwa na emfisema, hasa akivuta sigara. Vizuizi vinavyozalishwa mapafuni havitoshi kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo, kipimo cha damu hufichua upungufu wa protini itokayo kwenye ini, lakini hakitoshi kueleza hali ya zile zinazozalishwa ndani ya njia za hewa.