Unaomba ushirikiano kwa barua pepe? Salimia kwanza

Leo tuache mbolea kidogo, tuongelee barua pepe, maana nimeona vikundi vinapoteza soko kwa sababu yake. Na mimi mwenyewe nimo.

Kikundi kimoja cha viazi mviringo huku Uporoto, Mbeya, kilitaka kuelekezana wateja na wakulima wa nyanya wa Ilula, Iringa. Wazo zuri kabisa. Wote tunahudumiwa na barabara ileile ya TANZAM: mnunuzi wa Dar akiwa Ilula akaulizia viazi, wampe namba zetu, akija kwetu akaulizia nyanya, tumpe za kwao. Nikapewa kazi ya kuandika.

Nikaandika barua kwa herufi kubwa tupu, nikaipiga picha, kurasa nne, nikaiambatisha. Kwenye barua pepe yenyewe sikuweka hata neno. Halafu nikaituma kwa vikundi kumi na viwili kwa mpigo, kila mmoja anaona anwani za wenzake.

Kimya. Msimu ule viazi vikaondoka kwa lumbesa, kwa bei ya dalali.

Baadaye nikakutana na katibu wa kikundi kimoja. Akacheka: "Afisa, tuliiona. Picha zinakula bando, na tukajua kati ya hao wote atajibu mwingine. Halafu hata kamwene hukutupa!"

Alinishika pabaya. Rungwe huwezi kuingia kwa mtu ukaomba jembe bila "ugonile". Kwa nini kwenye simu tuwe tofauti?

Basi andika kwa kikundi kimoja kimoja. Kwenye Yah: sema jambo lenyewe, mfano "Kuelekezana wanunuzi wa viazi na nyanya", siyo "Maombi" peke yake. Salimia, "Ndugu Katibu" inatosha, uheshimiwa waachie madiwani. Jitambulishe: kijiji, kata, idadi ya wanachama, mnalima aina gani (Asante, Sherekea au nyingine) na mna magunia mangapi ya uhakika. Usiongeze chumvi, wakimleta mnunuzi akakuta nusu, wameaibika wao. Onyesha kwamba unawafahamu. Kama umeshawapelekea mteja hata mmoja, litaje hilo kabla ya ombi lako. Weka namba ya simu, na waachie nafasi ya kukataa. Wiki ikipita bila jibu, kumbusha mara moja tu. (Ofisi za serikali ni habari nyingine, huko barua yenye mhuri bado ina nguvu yake.)

Mara ya pili niliandika mistari minane, kwa kikundi kimoja. Siku ya tatu wakajibu. Walitusalimia vizuri, wakashukuru, wakauliza swali moja tu: mnauza kwa mizani au kwa lumbesa?

Ikabidi tuitishe kikao kabla ya kujibu.