Udhihirikaji wa Jeni Katika Dhiki

Mfasiri wa taarifa za elimu ya viumbe hukutana na jeni "zinazosema" wakati kiumbe yumo katika "mkazo". Tafsiri hii ya neno kwa neno yampoteza msomaji. Mwalimu wa Kiswahili asomapo mkazo hukumbuka silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Na jeni haina kinywa. Twapendelea dhiki, neno linalopokea joto, ukame, njaa na sumu pasipo kulazimishwa, na udhihirikaji kwa kitendo cha jeni kutoa zao lake.

Na tutazame karakana za samani za Keko, wilayani Temeke. Tuseme fundi mmoja ana daftari la michoro: kitanda, kabati, dawati. Ikija oda ya madawati, mchoro wa dawati hunakiliwa katika karatasi nyingi, kila seremala akapewa yake. Ule wa kabati hubaki umefunikwa. Daftari lenyewe halikubadilika. Jeni ni mchoro, RNA ni nakala, protini ni samani. Apimaye udhihirikaji huhesabu nakala zilizo mezani, si michoro ya daftarini. Wala wingi wa nakala si lazima ulingane na wingi wa madawati, kwani nakala yaweza kutupwa kabla ya kutumika. Jambo hili hupuuzwa mno.

Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa wa Italia alieleza jinsi joto lilivyovimbisha sehemu maalumu za kromosomu za inzi wa matunda. Hapo jeni zilikuwa zikinakiliwa kwa wingi. Siku hizi RNA hugeuzwa kuwa DNA, nayo huzidishwa maradufu katika kila mzunguko wa mashine mpaka ionekane. Sampuli ya kiumbe mtulivu ikionekana katika mzunguko wa 25, na ya aliye dhikini katika mzunguko wa 22, tofauti ni mara 8, yaani 2 × 2 × 2. Hesabu hii yafaa iwapo tu jeni rejea, isiyoyumbishwa na dhiki hiyo, imepimwa pamoja nazo.

Kwetu suala hili lagusa chandarua. Mbu wengi wa malaria wamekuwa sugu kwa viuatilifu vilivyoundwa kwa mfano wa sumu ya pareto, na mara nyingi jeni za vimeng'enya vinavyovunja sumu hudhihirika kwao kupita kiasi. Hapa pana mambo mawili. Mwitiko ni ongezeko lijalo baada ya mbu kuguswa na sumu. Usugu hurithiwa, na nakala zaweza kuwa nyingi hata kabla ya sumu kufika. Taarifa isemayo "dawa imeongeza jeni za mbu" huyachanganya yote, na ofisa anayeamua kubadili kiuatilifu hatajua kama mbu wanyonge wamekufa wakabaki wenye kurithi usugu, au kama kila mbu amejihami papo hapo. Yafaa iandikwe "udhihirikaji wa jeni umeongezeka", na kando yake itajwe ni mara ngapi, kwa kulinganishwa na mbu gani.