Qatar: Je, sheria inaweza kumkinga mfanyakazi na joto?

Katika mtaa wa Al Sadd mjini Doha, uwanja wa kandanda wa Jassim bin Hamad umewekewa mitambo ya kupuliza hewa baridi, ili wachezaji na watazamaji wasitaabike kwa joto. Nje ya uwanja, wajenzi, walinzi na wafagiaji wa barabara, wakiwamo wahamiaji kutoka Kenya na Uganda, hutegemea kivuli, maji na sheria.

Saa au kipimo?

Hapo awali sheria ilitazama saa peke yake. Agizo la mwaka 2007 lilipiga marufuku kazi za juani kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kati ya Juni 15 na Agosti 31.

Kasoro ni kwamba joto halifuati kalenda. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Unyevunyevu wa Ghuba ukitanda, jasho halikauki, na hatari hubaki hata jua likishapungua ukali.

Agizo jipya la mwaka 2021 lilirefusha marufuku hayo: Juni 1 hadi Septemba 15, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Isitoshe, kazi za nje hazina budi kusimama saa yoyote ile, iwapo kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kitazidi nyuzi 32.1. Mfanyakazi pia ana haki ya kuacha kazi akiona afya yake i hatarini, na ya kupimwa afya kila mwaka.

Lakini aliyekopa fedha ili kumlipa wakala wa ajira huogopa kuitumia haki hiyo. Ndiyo maana ukaguzi wa serikali una uzito kuliko maandishi ya sheria.

Chanzo chenyewe

Mwaka 2021 Qatar iliahidi kwamba ifikapo 2030 gesi chafu zake zitakuwa pungufu kwa asilimia 25, zikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuongeza uzalishaji wa gesi asilia ya kimiminika, kutoka tani milioni 77 hadi milioni 142 kwa mwaka. Gesi hiyo huchomwa katika nchi za wanunuzi, na moshi wake hauhesabiwi katika ahadi ya Qatar.

Kwa Nairobi na Kampala, ambako fedha za wahamiaji hulisha familia nyingi, kilicho karibu zaidi ni kudai katika mikataba ya ajira kwamba kipimo hicho kifuatwe, na kwamba anayesimamisha kazi kwa sababu ya joto asikatwe mshahara.